Dada wa Wete, kabla ya GPU tazama kwanza faili za kamera yako

Swali: Assalaam aleikum kaka fundi. Mie napiga picha na video za harusi upande wa wanawake hapa Wete, mara nyengine naitwa Chake na Mkoani. Nina kamera mbili, Sony a7 IV na a6400, natumia Premiere na Lightroom. Laptopu yangu ina RAM 8, nikiweka klipu mbili za a7 IV inaganda mpaka nalia. Nimedunduliza milioni 3 na nusu nataka niunde desktop. Duka moja la Unguja wamenipa orodha hii: prosesa Ryzen 5 5600, kadi ya grafiki RTX 4060, RAM 16, SSD ya 500, pawa saplai ya 750 na keisi ya mataa. Ninunue?

Waaleikum salaam dada yangu, na hongera kwa kudunduliza maana najua pesa ya harusi inavyokuja vipande vipande. Orodha hiyo usiinunue. Vifaa vyenyewe si vibovu, angekuja kijana anataka kucheza gemu ningemwambia chukua, badilisha pawa saplai tu, lakini kazi yako wewe ni nyengine kabisa na aliyekuandikia hakukuuliza lile swali ambalo mie namuuliza kila mtu anaekuja kwangu na kamera mkononi: faili zako ni za aina gani? Mashine ya kuediti unaanza kuipanga kwenye faili, GPU, yaani kadi ya grafiki, inakuja baadae sana.

Sasa hebu washa a7 IV yako ingia kwenye menyu ya video utazame. Nadhani klipu zinazokugandishia ni zile za 4K 50p, yaani fremu 50 kwa sekunde, unazopiga ili bibi harusi akiingia uweze kumpunguzia mwendo, na pale kwenye menyu pameandikwa XAVC HS halafu 4:2:2 10bit. XAVC HS ni jina la Sony tu, ndani yake ni H.265, na H.265 imebanwa kweli kweli. Kamera haihifadhi kila fremu nzima, inaweka moja nzima halafu zinazofuata inaandika kilichobadilika tu, kwa hiyo wewe ukiburuza mshale kwenye taimilaini kompyuta inalazimika irudi nyuma itafute fremu nzima kisha ipige hesabu mpaka ifike pale ulipo, na inafanya hivyo kila unaposogeza kidole. Hiyo 10bit ni wingi wa ngazi za kila rangi, na 4:2:2 nayo ni habari ya rangi, faili za kawaida ni 4:2:0 ambazo rangi zinahifadhiwa kwa robo ya nukta tu, 4:2:2 zinahifadhiwa kwa nusu, ndio maana ngozi na hina zinatoka vizuri ukizivuta rangi, ila kuifungua ni kazi nzito.

Kazi hiyo haitakiwi ifanywe na viini (core) vya prosesa kwa nguvu. Kuna sehemu maalumu ndani ya chipu iliyotengenezwa kwa kufungua video tu, na sehemu hiyo ama inaijua aina ya faili yako ama haiijui, hakuna katikati. Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani kabisa, kwa hiyo sehemu hiyo hamna. RTX 4060 inayo, tena nzuri, lakini 4:2:2 haiijui, kwa Nvidia walianza kuisoma kwenye kadi za RTX 50 zilizotoka 2025. Maana yake ungelipa pesa yote hiyo kisha klipu zile zile zikaendelea kukatakata, ungeniambia kompyuta mpya imekuwa mbovu na kumbe haina ubovu wowote, hailingani na kamera yako tu.

Intel ndio wanaokufaa hapa, na wala huhitaji ya bei kubwa. Tangu kizazi cha 11 grafiki yao ya ndani inafungua H.265 ya 4:2:2 10bit bila jasho, wanaiita Quick Sync. Mie ningekwambia utafute Core i5-13500 au i7-12700, na uangalie mambo mawili. La kwanza mwisho wa jina kusiwe na F, i7-12700F imekatwa grafiki ya ndani, inauzwa rahisi kidogo na muuzaji atakwambia ni kitu kimoja, kwako wewe si kitu kimoja hata kidogo. La pili iwe na grafiki inayoitwa UHD 770. i5-12400 nayo ni nzuri na ni rahisi lakini ina UHD 730, ambayo injini ya kufungua video ipo moja, UHD 770 zipo mbili, na wewe unaweka kamera mbili kwenye taimilaini moja. Ukikosa hizo nilizotaja basi hata i5-12500 ina UHD 770, inatosha. Ukiona i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 ya mtumba kwa bei tamu, usiikimbilie, zile za nguvu kubwa zilikuwa na kasoro ya voltage iliyojulikana 2024, Intel wakatoa marekebisho ya BIOS, ile programu ya bodi kuu (mazabodi) inayoamsha mashine, ila chipu iliyokwisha kudhurika haitengenezeki kwa BIOS.

Kuna jambo moja la kamera lazima nikwambie hapa hapa maana wengi linawapita. a7 IV ina pia XAVC S, hiyo ni H.264, na humo unaweza kuchagua 4:2:2 10bit vilevile. Usichague. H.264 ya 4:2:2 hata Quick Sync ya prosesa hizi haiisomi, utarudi pale pale kwenye kuganda. Ukitaka 10bit piga XAVC HS, na kwa matukio marefu ya kukaa, watu wanaimba wanapeana zawadi, piga XAVC S ya 4:2:0 8bit, kila mashine inaifungua. Kumbuka na hili, a7 IV ukiiweka 4K 50p inakata picha pembeni, lenzi ya 28 inakuwa kama 42, na sebule zetu unazijua, kinamama 60 wamekaa chini na wewe umebanwa mlangoni. Kwa hiyo 50p iache kwa bibi harusi tu.

RAM chukua 32, vipande viwili vya 16, usichukue kimoja cha 32 hata kama muuzaji anakwambia utaongeza baadae, viwili vinafanya kazi sambamba na UHD 770 inakula RAM hiyo hiyo. Mazabodi ya B760 inayotumia RAM za DDR4 inatosha, iwe na nafasi 2 za M.2 za kuwekea SSD na nafasi 4 za RAM. DDR4 na DDR5 haziingiliani hata mkato wake hauko pahala pamoja, kwa hiyo soma boksi la mazabodi kabla hujalipa RAM. Na RAM uinunue mapema, tangu mwisho wa 2025 bei zake zimepanda vibaya na duka moja na jengine zinatofautiana sana, zunguka.

Diski ndipo ninapotaka utulie unisikilize. Tupige hesabu ya harusi moja. a6400 yako kwenye 4K inaandika megabiti 100 kwa sekunde, gawa kwa 8 unapata megabaiti 12 na nusu, zidisha kwa sekunde za saa moja, ni kama GB 45 kwa saa. a7 IV kwenye 50p ya 4:2:2 inaandika megabiti 200, hiyo ni GB 90 kwa saa. Sema a6400 imesimama kwenye tripodi saa 3 na a7 IV umepiga saa 2 tu, tayari ni GB 315 na picha hujaziweka bado. Ile SSD ya 500 ukishaweka Windows na Premiere na takataka ambazo Premiere inajiwekea yenyewe, harusi moja haiingii ikakaa raha.

Ila tazama tena hesabu hiyo hiyo utaona jambo jengine. Megabaiti 25 kwa sekunde si kitu, SSD ya NVMe ya Gen3 inasoma 3,500 na ya Gen4 inafika 7,000. Kwa hiyo usikubali kuuziwa SSD ya Gen4 ya bei kubwa kwa maelezo kwamba video zitacheza laini, klipu zako hazigandi kwa sababu ya diski, zinaganda kwenye kufunguliwa. Chukua Gen3 mbili, au Gen4 za kawaida ikiwa bei ni moja, ya kwanza 1TB iwe ya Windows na programu tu, ya pili 1TB iwe ya harusi unayoiediti sasa hivi pamoja na kashe (faili za muda za Premiere) na katalogi ya Lightroom. Harusi ikikabidhiwa inahama inakwenda kwenye diski kubwa ya kuzunguka, HDD ya 4TB, na HDD uwe nazo 2 zenye vitu sawasawa, moja inakaa kwako moja inakaa nyumba nyengine, kwa mama au kwa dada. Najua bajeti inabana, lakini mtu akija baada ya miaka 3 anakwambia bibi amefariki na ile harusi ndio pahala pekee alipoonekana anacheka, utakuwa unalo la kumpa.

Na wewe una jambo ambalo mpiga picha mwanamme hana. Video zako ni za ndani. Wale kinamama wamevua mabuibui yao kwa sababu mwenye kamera ni wewe, na kila mmoja mle ana mume na kaka na baba. Kwa hiyo katika kuunda hii mashine panga tokea mwanzo kwamba siku itaharibika na mtu mwanamme kama mimi ataifungua. Ndio sababu nyengine ya kutenganisha diski, ile ya harusi unaichomoa mwenyewe kwa skrubu moja, unabaki nayo, fundi unampa mashine yenye Windows tu. Kachukue Windows Pro usichukue Home, Pro ina BitLocker, funga diski zote za harusi kwa BitLocker na ule ufunguo wa akiba wa nambari 48 uuandike kwenye karatasi uuweke pamoja na vyeti vyako, usiupige picha kwa simu. Na HDD ukiiuza au ukimpa mtu, ujue kufuta faili kwenye HDD si kufuta, jina tu ndio linaondoka, vitu vimo na programu ya bure inavirudisha, lazima uiandike upya yote mwanzo mpaka mwisho, au usiiuze kabisa. Mimi nimeletewa diski za mtumba nikazikuta na mambo ya watu, nikazifuta bila ya kutazama, lakini si kila mmoja atafanya hivyo.

Twende kwenye umeme. Pemba tunapata umeme chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na Unguja pia wanaletewa kwa waya wa bahari kutoka bara, waliokuwepo hawajasahau kile kiza cha miezi 3 kuanzia Disemba 2009. Siku hizi si kama zamani, lakini kukatika ghafla kupo na kinachoua vifaa zaidi ni kule kurudi. Mwaka mmoja aliniletea mashine mteja wangu, umeme ulikatika magharibi ukarudi baada ya isha, akasikia paa, harufu ya kuungua. Nikafungua ile pawa saplai, ilikuwa ya bei rahisi imeandikwa wati 750 kwa herufi kubwa, nikaishika mkononi nyepesi kama boksi la biskuti, ndani zile sehemu za kuzuia umeme mkubwa wameacha matundu yake tu kwenye bodi, kifaa chenyewe hakikuwekwa. Ilikufa ikachukua mazabodi na diski zote mbili zilizokuwa zimechomekwa. Harusi mbili zilikuwemo ambazo hazijakabidhiwa. Kukaa na mteja kumwambia hakuna namna ya kuzirudisha, wallahi ni kazi nzito kuliko yoyote niliyofanya kwenye hii biashara.

Kwa hiyo ile ya 750 isiyo na jina iache pale pale dukani. Chukua ya wati 650 ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus Bronze au Gold na dhamana isiyopungua miaka 5. Prosesa yako ikikaza haizidi wati 180 hivi, kadi ya RTX 3060 ni wati 170, weka na vyengine vyote hufiki 450. Halafu UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika. VA si wati, UPS ya 650VA inabeba wati kama 360 hivi, itapiga kelele na kuzima. Tafuta ya 1500VA yenye kurekebisha voltage, itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, hizo zinatosha, maana MP4 ikikatwa katikati ya kutolewa haifunguki, saa mbili za kurenda zimekwenda. Siku ya kwanza ijaribu kabla hujaanza kazi yoyote, chomoa UPS ukutani mashine ikiwa imewaka, kwa sababu UPS nyingi za bei nafuu zinatoa umeme wa mawimbi ya ngazi na pawa saplai nzuri nyengine hazipatani nao, inazima papo hapo. Ikizima mrudishie muuzaji siku hiyo hiyo.

GPU sasa. Utashangaa nikikwambia unaweza kuanza bila kadi kabisa. UHD 770 itafungua klipu, utakata, utapanga, utatoa video. Kadi inasaidia kwenye kuvuta rangi, efekti, na ile Denoise ya Lightroom ambayo bila kadi picha moja inakuweka ukisubiri. Pesa ikiwepo chukua RTX 3060 ya 12GB, ni ya 2021 lakini ile kumbukumbu ya 12 inasaidia 4K kuliko 8 ya 4060, au RTX 5060 mpya ambayo 4:2:2 inaisoma yenyewe. Pesa ikipungua usipunguze pawa saplai wala UPS wala HDD ya pili, punguza kadi, utaiongeza msimu wa harusi ukipita.

Monita hukunitajia, na hapa wapiga picha wengi wanajidanganya. Kuna kazi moja nilimsaidia mpiga picha, alikuwa anaediti kwenye skrini ya zamani ya ofisini, hina ya bibi harusi kwake ilionekana imefifia akawa anaipandisha nyekundu, picha baada ya picha, ngozi nayo ikifuata. Albamu ilipotoka kuchapishwa mikono ilikuwa kama imechovywa kwenye rangi ya machungwa, na piko nyeusi ikawa na kivuli cha zambarau pembeni. Skrini ilikuwa inamuonyesha uongo na yeye anarekebisha uongo. Tafuta ya IPS, aina ya skrini ambayo rangi hazibadiliki ukiitazama pembeni, ya inchi 24 au 27 iliyoandikwa 100% sRGB, yaani inaonyesha rangi zote za kipimo cha kawaida, 4K si lazima. Kifaa cha kupimia rangi kama Spyder ni ghali kwa mtu mmoja lakini hakitumiki kila siku, changeni wapiga picha wanne wa Wete na Chake mzungushiane kila mwezi.

Keisi iwe na wavu mbele wa kupitisha hewa na chujio la vumbi la kutoa na kuosha, feni 2 mbele moja nyuma, mataa hayana kazi. Usiiweke chini ya dirisha linalotazama bahari hata upepo ukiwa mtamu vipi, chumvi inakula miguu ya vifaa polepole, utakuja kuona kijani kwenye viungio.

Utaambiwa pia nunua OptiPlex ya mtumba uongeze kadi. Kwa Lightroom peke yake ningekubali, lakini nyingi zina pawa saplai ndogo na viungio vyake vya peke yake, siku ikifa hupati ya kubadilisha Pemba nzima.

Ukinunua Unguja au Dar ukiwa unarudi na boti, usiunganishe kila kitu huko. Kadi nzito ikiyumba ndani ya keisi kutoka bandarini Malindi mpaka Mkoani, kisha na gari mpaka Wete, inaweza kuvunja nafasi yake kwenye mazabodi. Kadi na HDD zibebe mkononi ndani ya maboksi yake, usizipe kwenye mizigo. Kuunganisha kwenyewe si kugumu, gusa chuma cha keisi kabla ya kushika kitu, RAM ziingie nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, na usisahau ule waya wa pini 8 wa prosesa kule juu kona, mashine nyingi "mbovu" ninazoletewa ni huo tu haujachomekwa.

Ikishawaka ingia BIOS ufanye mawili. Washa XMP ili RAM iende mwendo wake. Kisha tafuta kipengele kinachoitwa iGPU Multi-Monitor ukiwashe, kwa sababu mazabodi nyingi ukichomeka kadi zinazima grafiki ya ndani kimyakimya, na hiyo ndiyo tuliyomfuata Intel kwa ajili yake. Halafu kwenye Premiere fungua Preferences, Media, hakikisha kufungua kwa hadiwea kumewekwa tiki na Intel imo, funga Premiere ufungue tena, uweke zile klipu mbili za a7 IV zilizokuliza. Kipengele cha iGPU usipokiona, piga picha skrini nzima ya BIOS unitumie, usibahatishe.